Multimita ya bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani: ya njano, ya otomatiki au ya klampu?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kikuubo mjini Kampala, au kwa muuza spea za redio kule Busia au Arua, ukasema "naomba multimita", unaweza kuwekewa mezani mita tatu zisizofanana hata kidogo. Ipo ndogo ya njano yenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati. Ipo ya otomatiki, yenye kioo kipana na swichi ya hatua chache. Na ipo ya klampu, yenye taya juu zinazobana waya bila kuukata. Zote zinapima volti, zote zina waya mwekundu na mweusi, na zote si za bei ya kutisha. Hapo ndipo mnunuzi anapokwama.

Swali la "ipi nzuri?" halijibiki mpaka ujue unataka kupima nini. Nyumba ya Ntinda yenye friji, pasi na Yaka (umeme wa kulipia kabla) inayokwisha kabla ya mwezi haijakwisha ina shida yake. Nyumba ya Yumbe inayotegemea paneli mbili na betri ina shida nyingine. Mwendesha boda anayetaka kujua kama pikipiki yake inachaji, naye ana yake.

Nitazilinganisha kwa mambo matano: kazi zinazoweza kufanya, usalama kwenye umeme wa ukutani, ukweli wa namba zinazoonyesha, urahisi kwa mtu asiye fundi, na betri pamoja na matunzo. Bei hubadilika kwa duka na kwa dola, kwa hiyo nasema tu kwamba ya njano ndiyo ya chini kabisa, ya otomatiki huizidi mara kadhaa, na ya klampu inayopima DC (umeme wa betri na sola) kwa kawaida ndiyo ghali kati ya hizi tatu.

Tunazungumzia zipi hasa

Ya njano ni ile familia ya DT-830. Inauzwa kwa majina mengi ya kampuni, ila ndani ni karibu kitu kimoja. Angalia herufi ya mwisho: kwa kawaida DT-830B haina mlio wa kupimia waya uliokatika, na DT-830D inao. Kwa nyumbani, mlio huo una thamani kuliko tundu la kupimia transista ambalo hutaligusa.

Ya otomatiki hujichagulia yenyewe kiwango cha kipimo. Mfano unaojulikana ni ANENG AN8008, lakini zipo nyingi za aina hiyo.

Ya klampu ina matawi mawili, na wauzaji wengi hawayatofautishi. DT-266 ya zamani inabana na kupima ampea za AC tu, yaani umeme wa gridi. UNI-T UT210E na zinazofanana nayo zinapima ampea za AC na za DC, kwa hiyo zinafaa hata kwa sola na betri. Muulize muuzaji, kisha usitosheke na jibu lake: tafuta kwenye swichi alama ya A yenye mstari mmoja mnyoofu na vidoti chini yake. Kama kuna A yenye kiwimbi peke yake, hiyo ni ya AC tu.

Kazi zinazoweza kufanya

Kwa volti, kwa kupima fyuzi ya plagi, kwa kujua kama waya wa chaja umekatika ndani, zote tatu zinatosha. Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi ndani, na pasi "iliyokufa" mara nyingi inadai fyuzi tu. Kazi hiyo ya njano inaimaliza.

Tofauti inakuja kwenye ampea.

Ya njano inapima ampea za DC hadi 10, na za AC haipimi kabisa. Tena lazima ukate njia ya umeme na kuipitisha ndani ya mita. Ya otomatiki mara nyingi inapima za AC pia, lakini kwa njia ileile ya kukata na kupitisha. Kukata waya wa 240V ili kupitisha umeme wa friji ndani ya mita ndogo ni kazi ambayo mtu asiye fundi hapaswi kuifanya nyumbani, hata kama mita inaruhusu.

Ya klampu haikati kitu. Unafungua taya, unaingiza waya mmoja, unasoma. Nasisitiza mmoja, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanadhani mita yao ni mbovu. Waya wa birika una laivu na nyutro ndani ya ganda moja. Umeme unakwenda kwenye mmoja na kurudi kwenye mwingine, nguvu zao za sumaku zinafutana, na kioo kinasoma sifuri wakati maji yanachemka. Tiba yake ni kumwomba fundi akutengenezee ekstensheni fupi ambayo ganda la nje limefunguliwa kidogo ili nyaya za ndani zitengane, kila moja ikiwa bado na ganda lake zima. Bana laivu peke yake: birika la wati 2000 kwenye 240V litaonyesha ampea kama 8.3. Friji itaonyesha kidogo zaidi ya unavyotarajia, na usikimbilie kuzidisha kwa volti ukasema hizo ndizo wati zote. Mota huvuta ampea ambazo si zote zinazohesabiwa kuwa uniti. Klampu itakuambia friji imewaka, imezima, au inawaka bila kupumzika, na hilo la mwisho ndilo linalomaliza Yaka.

DT-266 kwenye kiwango chake cha ampea 200 inasoma kwa hatua za 0.1. Taa ya LED ya wati 5 inavuta kama 0.02 tu, kwa hiyo haitaonekana. UT210E ina kiwango cha ampea 2, na inaona hadi miliampea moja moja. Kama unatafuta kinachonyonya kidogo kidogo usiku kucha, tofauti hii ni kubwa.

Kwenye sola pengo linakuwa pana zaidi. Paneli ya seli 36, ile tunayoiita ya 12V, juani ikiwa haijaunganishwa hutoa volti 21 au 22, na zote tatu zitalisoma hilo vizuri. Ampea ndizo zinazokataa. Paneli ya wati 100 inatoa ampea kama 6 ikipigwa shoti, na tundu la 10A la mita ya njano linaweza kuzipima kwa sekende chache. Lakini paneli kubwa za siku hizi, za wati 550, zinatoa ampea 13 au 14. Hizo zinavuka tundu la 10A la ya njano na la otomatiki. Klampu ya DC inazisoma ukiwa umesimama pembeni, waya haujaguswa. Kumbuka tu kubonyeza kitufe cha kurudisha sifuri kabla ya kubana, maana klampu ya DC huanza na namba iliyobaki ya sumaku ya jirani.

Kama anayekunyonyea Yaka ni mtu unayemshuku kwenye nyumba za kupanga, huhitaji yoyote kati ya hizi. Zima kila kitu chako, chomoa plagi zote, uangalie taa ndogo ya mita ya Yaka inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu.

Usalama kwenye umeme wa ukutani

Kigezo hiki nakiweka mbele ya vingine vyote.

Ajali ya multimita nyumbani mara nyingi huanza hivi. Jana mtu alipima ampea za betri, akaacha waya mwekundu kwenye tundu la 10A. Leo anataka kupima volti za soketi. Anazungusha swichi hadi kwenye volti, anadhani yuko tayari, anachomeka ncha mbili ukutani. Swichi haimsaidii chochote, kwa sababu tundu la 10A ndani ni njia ya moja kwa moja. Anakuwa amepiga shoti 240V kwa mikono yake miwili.

Kwenye mita ya njano, kando ya tundu hilo pameandikwa UNFUSED, yaani hakuna fyuzi. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaona kwa macho: kipande kinene cha waya kilichopindwa kama daraja, kimelehemiwa kutoka tundu la 10A hadi tundu la COM (la waya mweusi), na fyuzi ndogo ya kioo iko pembeni ikilinda njia ile nyingine tu. Saketi breka isipokatika haraka, ncha zitalipuka mkononi.

Ya otomatiki mara nyingi ina fyuzi kwenye tundu lake la ampea, ambayo ni afadhali, lakini nyingi za bei nafuu zimewekewa fyuzi ndogo ya kioo ambayo shoti kubwa inaweza kuipasua. Klampu, kwa upande wake, haina tundu la ampea. Kosa hilo haliwezekani kwake. Kwa nyumba yenye watu kadhaa wanaoazimana kifaa, mimi hiyo naihesabu kuwa sababu tosha ya kuongeza pesa.

Kuna pia zile alama za CAT. Katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61010, CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa ubao wa saketi breka na nyaya za jengo, na CAT IV ni kwa waya unaoingia kutoka nje pamoja na mita ya kampuni. Kwenye mita za bei ya chini alama hizi mara nyingi ni maneno ya mtengenezaji tu. Kwa hiyo, yoyote utakayonunua kati ya hizi tatu, ishie kwenye soketi. Ubao mwachie fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda. Mita ya Yaka na waya unaoiingia ni mali ya msambazaji, ambaye tangu tarehe 1 Aprili 2025 ni UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, na kuchezea lakiri yake ni kosa la jinai.

Kwa soketi, zoea hatua tatu: pima kwanza mahali unapojua pana umeme, halafu pale unapopashuku, halafu rudi pale pa kwanza. Mita ikikuambia "hakuna umeme" kwa sababu waya wake umekatika, hatua ya tatu ndiyo itakayokuokoa.

Ukweli wa namba

Ya njano ikiwa na betri mpya ni mkweli kuliko sura yake. Kwenye kiwango cha 20V inasoma hadi sehemu ya mia ya volti, na hiyo inatosha kabisa kwa betri ya asidi ya 12V: ikiwa imepumzika saa chache, 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, na chini ya 12 unaiumiza.

Udhaifu wake ni betri yake yenyewe. Inapochoka, mita hii haisomi chini. Inasoma juu. Betri ya sola iliyobaki na 12.1 itaonekana 12.8, na mwenye nyumba atawasha televisheni hadi saa sita za usiku akiamini imejaa. Kuna jaribio rahisi: pima betri mpya ya tochi. Inapaswa kuwa 1.5 au 1.6. Ikionyesha 1.8, usiamini chochote kingine mpaka ubadilishe betri ya mita.

Jambo la pili linawahusu wenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini kama la gridi, zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Mita ya njano imetengenezwa ikidhani wimbi ni laini daima. Ukiipima inveta kama hiyo inayotoa 230V sawasawa, inaweza kukuonyesha kama 180, na hapo mtu anairudisha dukani na kugombana na muuzaji bure. Mita yenye maandishi TRUE RMS, kama AN8008 na UT210E, husoma wimbi hilo kwa ukweli zaidi.

Ya otomatiki ina tarakimu nyingi kwenye kioo, na hizo zinavutia. Tarakimu nyingi si usahihi. Pia, kwa kuwa haivuti karibu chochote kutoka kwenye waya inaoupima, inaweza kuonyesha volti 60 au 90 kwenye waya uliokatwa unaopita kando ya waya wenye umeme. Hizo ni volti za kivuli. Hata hivyo usizidharau mpaka fundi athibitishe.

Kwa betri za lithiamu aina ya LiFePO4, hakuna mita ya volti itakayokusaidia sana. Betri ya 12V ya aina hiyo hukaa kati ya 13.0 na 13.3 muda mrefu, iwe na robo tatu au robo moja. Unachotaka kujua pale ni ampea zinazoingia na kutoka, na hapo tunarudi kwenye klampu ya DC.

Urahisi

Ya njano inakulazimisha kujua unachopima. Kwa soketi chagua 750 yenye kiwimbi, si 200. Ukikosea kiwango, kioo kinaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto. Kwa mwanafunzi hilo ni darasa zuri. Kwa mama mwenye haraka ya kufungua saluni ni usumbufu.

Ya otomatiki inaondoa usumbufu huo na kuleta mwingine. Kwanza, inabadilisha volti kuwa milivolti bila kukuuliza, na asiyeona herufi ndogo m pembeni atasoma 240 mV akadhani ni 240V. Pili, baadhi yao AC na DC zimewekwa hatua moja ya swichi na unachagua kwa kitufe. Ukipima soketi huku mita iko kwenye DC, utaona sifuri kwenye soketi yenye umeme kamili. Baadhi ya klampu zina tabia hiyohiyo. Zoea kutazama kiwimbi kwenye kioo kabla ya kutazama namba.

Betri na matunzo

Ya njano inatumia betri ya mraba ya 9V. Mijini zipo, kwenye senta ndogo unaweza kukuta moja iliyokaa rafuni mpaka ikachoka. Wala haijizimi: ukiisahau usiku, asubuhi umeipunguzia maisha. Mita mpya za otomatiki na UT210E zinatumia betri ndogo za rimoti, mbili, na hujizima zenyewe.

Nyaya za kupimia ndizo zinazokufa kwanza kwenye zote, hasa pale zinapoingia kwenye plagi yake. Za mita ya njano ni nyembamba mno. Ukipata jozi bora yenye ganda laini la silikoni na ncha zilizofunikwa karibu mpaka mwisho, nunua, hata kama inakaribia bei ya mita yenyewe. Dukani, weka kwenye omu 200, gusanisha ncha mbili, kisha tikisa waya karibu na plagi. Namba ikitulia chini ya 1, sawa. Ikirukaruka, omba nyingine kabla ya kulipa.

Kwa hali yako

Kama unapanga chumba kimoja, una taa, simu na redio, na unataka kujua kama tatizo ni chaja, fyuzi au soketi, DT-830D yenye mlio inatosha. Mwendesha boda vilevile: betri ya pikipiki ipande kutoka 12 na kitu hadi kati ya 13.5 na 14.5 unapovuta mafuta. Isipopanda, nenda kwa fundi ukiwa tayari unajua tatizo liko upande wa kuchaji. Ukishanunua, ziba tundu la 10A kwa tepu siku hiyohiyo.

Kama una mtoto anayesoma ufundi au unatengeneza redio na bodi za simu, ya otomatiki yenye TRUE RMS itakulipa, kwa sababu utapima vitu vidogo vya kila aina siku nzima. Vivyo hivyo kama una inveta ndogo na unataka kujua ukweli wa volti zake.

Kama nyumba inaishi kwa sola ya wati mia kadhaa na kuendelea, au unauza soda baridi na friji ndiyo biashara, weka akiba ufikie klampu ya AC na DC. DT-266 inamfaa mwenye gridi peke yake anayepima vitu vizito kama friji, pasi na pampu, ila usiinunue kwa ajili ya sola.

Kama bajeti hairuhusu klampu na sola yako ni ya paneli moja ndogo, anza na ya njano pamoja na nyaya nzuri, upime volti za betri asubuhi kabla jua halijapiga paneli na jioni kabla ya kuwasha taa. Ukiandika namba hizo mbili kwenye daftari kwa wiki kadhaa, utaiona betri inavyochoka mapema kuliko mwenye mita ya ghali anayepima siku ya tatizo tu.

Na kama paneli zako zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye inveta kubwa, nyaya zinazoshuka kutoka paani zinaweza kuwa na mamia ya volti za DC mchana kutwa, hata ukizima inveta. Kwa hizo usinunue yoyote kati ya hizi tatu. Mwite aliyezifunga.